Sauti Iliyokauka Haitaki Nguvu



Je, umewahi kuamka na sauti nzuri asubuhi, lakini jioni ukashindwa kumwita mtoto aliye uani? Je, unamjua mtu ambaye sauti yake imekauka kwa miezi mingi, ingawa mafua yake yalikwisha zamani? Leo tutazungumza juu ya ugonjwa huo. Watu wengi wanao, lakini hawajui kuwa ni ugonjwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi. Darasa lake lina watoto wengi. Siku moja akapata mafua, sauti ikakauka. Hakupumzika. Alifundisha kwa kulazimisha sauti. Baada ya wiki moja mafua yakaisha, lakini sauti haikurudi. Kila siku ikifika saa sita mchana, sauti inakwaruza. Jioni shingo inauma. Anahisi kama kuna donge kooni, akimeza haliondoki.

Siku hizi mwalimu huyo hasemi neno katika mkutano wa kijiji. Wengine wanasema anaringa. Wengine wanasema amerogwa. Jirani mmoja anamshauri akakatwe kimeo. Je, afanye nini?

SAUTI INATOKA WAPI?

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako. Funga midomo, kisha sema "mmmm". Unasikia kitu kinatetemeka? Hapo ndipo sauti inapotoka. Ndani yake mna nyuzi mbili ndogo za nyama. Unapopumua, nyuzi hizo huachana ili hewa ipite. Unapotaka kusema, hukaribiana. Hewa inayotoka mapafuni huzitetemesha, na hiyo ndiyo sauti. Nyuzi za mwanamume hutetemeka mara 100 hivi kwa sekunde moja. Za mwanamke hutetemeka mara 200 hivi.

Kazi hiyo inataka wepesi. Lakini pembeni mwa nyuzi hizo na shingoni kuna misuli. Misuli hiyo ikikaza mno, nyuzi hubanwa, nazo hushindwa kutetemeka vizuri. Sauti hutoka ikikwaruza, au hukatika, au haitoki kabisa.

Fikiri juu ya jembe. Mtu akiukaza mpini kwa nguvu zote kutwa nzima, je, atalima zaidi? Hapana. Mkono utauma, na jioni hataweza kulima. Ndivyo lilivyo koo. Ukiona sauti haitoki ukaongeza nguvu, misuli hukaza zaidi. Misuli ikikaza zaidi, sauti hupungua zaidi. Hapo umeingia katika mzunguko mbaya.

KWA NINI MISULI HUKAZA?

Sababu ni nyingi. Mara nyingi huanza na mafua au kikohozi. Mtu huzoea kusukuma sauti, na mazoea hayo hubaki hata baada ya kupona. Sababu nyingine ni kupiga kelele kila siku. Walimu, wauzaji wa sokoni, wahubiri, waimbaji na makondakta wa mabasi hupata sana taabu hii. Kiungulia, moshi wa kuni na tumbaku huliumiza koo, nalo hujikaza.

Wasiwasi na huzuni pia hukaza misuli ya shingo. Kwa hiyo mtu anaweza kukaukiwa sauti baada ya msiba au ugomvi. Huyo hajifanyi, wala hakurogwa. Ni mgonjwa kama wagonjwa wengine.

USIKATE KIMEO

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Sauti haitengenezwi hapo. Ukikikata, misuli iliyokaza chini yake haitalegea hata kidogo. Lakini hatari yake ni kubwa. Mtu anaweza kutoka damu nyingi mpaka afe. Kisu kichafu kinaweza kuleta pepopunda na virusi vya UKIMWI. Mtu akikushauri ukate kimeo, kataa.

KWANZA UKAPIMWE

Sauti kukauka si lazima iwe misuli tu. Kansa ya koo na kifua kikuu pia vinaweza kukausha sauti. Kwa kusikiliza tu, huwezi kujua ni ugonjwa gani. Kwa hiyo, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda zahanati au kituo cha afya. Omba uandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina madaktari hao.

Usingoje wiki tatu kama una dalili hizi:

• Unapumua kwa shida, au pumzi inatoa mlio.
• Unakohoa damu.
• Unashindwa kumeza.
• Una uvimbe shingoni.
• Unakonda bila sababu.

Ukiwa na moja ya dalili hizo, nenda mara moja.

Usiogope kupimwa. Daktari huangalia koo kwa kioo kidogo, au kwa mpira mwembamba wenye taa. Kioo hicho kina habari yake. Mwaka 1854 Mhispania mmoja, Manuel Garcia, alitaka kuona sauti inavyotoka. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba. Alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua, akaziona nyuzi za koo lake mwenyewe. Kazi yake imewasaidia madaktari mpaka leo.

TIBA YAKE NI MAZOEZI

Daktari akikuambia kuwa ni misuli tu, shukuru. Ugonjwa huu hauui, na wengi hupata nafuu. Dawa za kuua vijidudu hazilegezi misuli. Tiba yake ni kulifundisha koo upya kusema bila nguvu. Wataalamu wa kazi hiyo ni wachache nchini, lakini mwulize daktari akuonyeshe mazoezi. Haya ni baadhi yake:

1. Legeza mabega. Piga mwayo polepole, kisha shusha pumzi kwa sauti ndogo: "haaa".

2. Funga midomo bila kubana meno. Imba "mmmm" taratibu mpaka usikie midomo inatetemeka.

3. Tia maji nusu glasi. Ingiza mrija wa kunywea soda. Puliza povu polepole huku ukisema "uuu". Fanya hivyo dakika moja au mbili, mara kadhaa kwa siku.

4. Kanda shingo kwa vidole, taratibu, bila kubonyeza kwa nguvu.

Zoezi likiuma, acha. Usitegemee kupona kwa siku mbili. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na mara nyingine miezi.

MAISHA YA KILA SIKU

Kunywa maji mara kwa mara. Usikohoe makusudi ili kusafisha koo. Meza mate au kunywa maji kidogo. Usinong'one kwa nguvu ukidhani unapumzisha sauti, maana kunong'ona hivyo pia hukaza koo. Sema polepole kwa sauti yako ya kawaida, na ukichoka nyamaza. Usishindane na mashine ya kusaga wala redio. Msogelee mtu ndipo useme naye. Mwalimu atumie kengele au makofi kuwanyamazisha watoto. Pika mahali ambapo moshi unatoka. Acha tumbaku.

Nanyi jamaa na majirani, msaidieni. Msimwambie, "Sema kwa nguvu!" Hilo ndilo linalomwumiza. Zimeni redio, mkae karibu, mmngoje amalize. Katika mkutano, mwenyekiti awanyamazishe watu ili naye asikike. Mtu mwenye sauti ndogo bado ana mawazo yake. Kijiji kisipomsikiliza, kimekosa mawazo hayo.

KUMBUKA: Sauti ikikauka, usiilazimishe. Ipumzishe. Ikipita wiki tatu, kapimwe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kuongeza nguvu hakuirudishi sauti?
2. Kukata kimeo kuna hatari gani?
3. Ni dalili gani zinamtaka mgonjwa aende hospitali mara moja?
4. Je, katika kijiji chenu kuna mtu aliyenyamaza kwa sababu ya sauti? Mtamsaidiaje?