Baada ya Semina, Nani Anapiga Hodi?

Mwanzoni mwa muongo uliopita, watafiti nchini Sri Lanka waligawa masanduku ya kufungia viuatilifu kwa kaya za wakulima. Vijiji 180 vilishiriki: nusu vikapewa masanduku, nusu havikupewa. Wazo lilikuwa na mantiki. Mtu aliyezidiwa na uchungu akikuta sumu imefungwa kwa kufuli, huenda akapata muda wa kutulia. Kaya zaidi ya 50,000 zilihusika, lakini matokeo yalipotangazwa mwaka 2017, masanduku hayakuwa yamepunguza visa vya watu kujidhuru kwa sumu hizo. Wakati huohuo, marufuku ya serikali dhidi ya viuatilifu vikali zaidi, hasa ya 1995 na 2008, yaliambatana na kushuka kwa kiwango cha kujiua nchini humo kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili.

Watafiti wale wanastahili heshima kwa sababu walipima kile hasa walichotaka kukibadilisha. Bila vijiji vya kulinganisha, wangeandika ripoti ya kupendeza kuhusu idadi ya masanduku, na mfadhili angeongeza fedha. Miradi yetu ya kuzuia kujiua ina masanduku yake: semina, mabango, fulana na matembezi ya kila Septemba 10, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani. Si vitu vibaya. Lakini orodha ya mahudhurio na posho zilizosainiwa haisemi lolote kuhusu kijana aliyesikiliza mada hadi mwisho, kisha akarudi nyumbani na mawazo yaleyale.

Anayesimamia mradi wa namna hii anahitaji kuanza na swali jingine: mtu akitambuliwa leo kuwa yuko hatarini, nani atapiga hodi kwake wiki hii, na nani mwezi ujao?

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2008 unaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito. Ulifanyika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, na ukahusisha watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya jaribio la kujiua. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha likafuatiliwa mara tisa kwa simu au kwa kutembelewa: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Baada ya miezi 18, asilimia 2.2 ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa wamejiua. Katika kundi lililofuatiliwa, ni asilimia 0.2. Tazama ratiba ilivyopangwa. Ziara zimesongamana mwanzoni, kwa kuwa majuma ya kwanza baada ya jaribio ndiyo yenye hatari kubwa, kisha zinaachana polepole.

Ratiba ni rahisi kuandika. Kuifanya iwe kazi ya kila siku ndiko kunakohitaji usimamizi. Hapo kuna la kujifunza kwa jamii ya White Mountain Apache wa Arizona, Marekani. Mwaka 2001 baraza lao lilianzisha mfumo wa lazima wa kutoa taarifa, ambao ulikuja kuhusisha vifo, majaribio na hata mawazo ya kujiua. Taarifa ikiingia haiishii kwenye takwimu. Mhudumu, naye ni Mwapache, humfuata mhusika ana kwa ana, huthibitisha hali yake na kumuunganisha na huduma. Kati ya kipindi cha 2001–2006 na cha 2007–2012, kiwango cha kujiua kilishuka kutoka watu 40 hadi takriban 25 kwa kila watu 100,000. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba mfumo huo pekee ndio uliofanya kazi, maana hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hata hivyo unaonyesha kuwa jamii inaweza kumiliki daftari lake na kulitumia.

Kwenye kata zetu, hatua ya kwanza ni kukamilisha njia ya rufaa kabla ya kutundika bango hata moja. Ukiwahamasisha watu wajitokeze huku zahanati haina aliyefundishwa kuwapokea, umewapotezea imani. Wanaoona dalili mapema ni mjumbe wa nyumba kumi, mwalimu, imamu, mchungaji, mama lishe, dereva wa bodaboda. Kila mmoja ajue jina la mhudumu wa kumpigia, na mhudumu ajue hospitali ipi itapokea mgonjwa usiku.

Wahudumu nao hufundishwa kuuliza waziwazi. Wengi huogopa kwamba ukimtajia mtu kujiua utampa wazo, lakini utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Swali la moja kwa moja, likiulizwa faraghani na kwa upole, humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo. Na anayebeba mizigo ya wengine naye awe na pa kuitua: kikao cha kila wiki na msimamizi kiwekwe kwenye bajeti kama nauli inavyowekwa.

Kuna suala la sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahali ambapo sheria ya aina hiyo ingalipo, daftari lenye majina linaweza kugeuka ushahidi dhidi ya mgonjwa. Tumia namba badala ya majina, fungia orodha, na kaa na polisi na afisa ustawi wa jamii kabla ya kuanza.

Katika kupima, usikimbilie kujisifu kwa kupungua kwa vifo. Kata yenye watu 15,000 inaweza kupata vifo vitatu mwaka huu na mwakani isipate hata kimoja kwa bahati tu. Ripoti ya kila robo mwaka itaje wangapi walitambuliwa, wangapi walifikiwa ndani ya wiki moja, na wangapi bado wanafuatiliwa baada ya miezi sita.

Mwisho ni hesabu ambayo maandiko mengi ya miradi huiruka. Tuseme mradi ni wa miezi 24. Ufuatiliaji ni wa miezi 18. Mtu anayetambuliwa mwezi wa 20 anatakiwa kutembelewa hadi mwezi wa 38, wakati ofisi imeshafungwa na gari limerudishwa. Kwa hiyo makabidhiano kwa kituo cha afya na halmashauri yasainiwe mwanzoni, yakitaja mhudumu na fungu la fedha. Mradi usioweza kufanya hivyo uache kusajili watu wapya baada ya mwezi wa sita, au uombe muda mrefu zaidi.