Kwa Nini Kaskazini Mvua Ni Haba?

Mwaka 2022, tulipokuwa tukikusanya mahindi kwa ajili ya wenye njaa wa kaskazini mwa Kenya, mzee mmoja aliniuliza, "Mchungaji, watu wale walimkosea Mungu nini hata akawanyima mvua?" Swali hilo lilikuwa zito, kwa maana tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana huko misimu mitano mfululizo. Nilimwomba tutazame kwanza jinsi nchi yenyewe ilivyokaa.

Tuanze nyumbani. Sisi wa Kisii na Nyamira twakaa vilimani, wengi wetu meta 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mchana upepo hutuletea unyevu wa Ziwa Viktoria, na ukifika kwenye vilima vyetu hauna budi kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa mvua. Ndiyo sababu tukianika wimbi asubuhi, alasiri twakimbilia kuanua. Kwa mwaka twapata zaidi ya milimita 1,500.

Lodwar, katika Turkana, hupata kama milimita 200 tu. Kwa nini? Nchi ile iko chini, meta 500 hivi, nayo ni kama mlango kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Upepo utokao Bahari ya Hindi ukibanwa mlangoni hapo hwenda mbio, ukiambaa chini bila kupanda. Basi hupita na unyevu wake. Nguvu zake ni nyingi hata karibu na Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya upepo, na umeme wake hutumika nchini mwetu kote.

Lakini katikati ya ukame huo umesimama mlima Marsabit, wenye ukungu na msitu. Chini yake ni jangwa la Chalbi. Je, wa mlimani ndio watakatifu, na wa bondeni ndio wakosefu? La, hasha! Tofauti ni kimo cha nchi.

Tena, haikuwa hivyo siku zote. Yapata miaka 10,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi huko. Chalbi, ambayo leo ni uwanda wa chumvi, ilikuwa ziwa. Ziwa Turkana nalo lilifurika hata maji yake yakafika mto Naili; sangara waliomo tangu kale ni ushahidi. Leo halina pa kutokea. Maji yake karibu yote huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, kisha jua huyanyonya na kuacha chumvi. Maji ya Gucha yetu pia huingia Ziwa Viktoria, na kutoka huko Naili. Basi zamani maji yao na yetu yalikutana katika mto mmoja.

Bwana Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao. Vivyo hivyo, mvua ya Gusii si mshahara wa wema wetu.

Mzee yule alinyamaza kitambo, akaenda nyumbani, akarudi na debe la pili. Je, wewe msikilizaji, lako liko wapi?