Uzuri wa Mkakasi: Namna ya Kuikagua Meza ya Michezo ya Video Kabla ya Kuilipia



Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mzazi, na kila kikundi cha vijana, wanaofikiria kununua meza ya michezo ya video: ile ambayo skrini yake imelazwa chini ya kioo, na wachezaji wawili huketi wakielekeana kama waketivyo watu kwenye bao. Meza hizi si kitu cha jana. Zilienea katika mikahawa ya Japani baada ya kampuni ya Taito kuutoa mchezo wa Space Invaders mwaka 1978, na mwaka 1980 zikazidi kupendwa kwa Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco. Wakati ule meza moja aghalabu ilibeba mchezo mmoja tu. Zinazouzwa leo hubeba makumi ya michezo, nyingine mamia, ndani ya kibao cha elektroniki kilicho kidogo kuliko daftari la mwanafunzi.

Idadi hiyo ya michezo ndiyo hutangazwa na muuzaji, na mnunuzi hudhani kwamba kadiri michezo inavyozidi ndivyo meza inavyokuwa bora. Sivyo. Kibao cha michezo ni sehemu iliyo rahisi kubadilishwa. Fundi hukitoa na kutia kingine kwa muda mfupi. Zisizobadilishika kwa urahisi ni mbao, kioo, nyaya na maungio yake. Hizo ndizo zinazoamua kama meza itadumu miaka au itavimba masika ya kwanza, na kama mtoto atacheza kwa salama au atapigwa na umeme. Na fedha zinazolipwa mara nyingi ni michango ya watu wengi, au akiba ya mzazi ya muda mrefu. Kwa hivyo kuikagua meza vizuri ni sehemu ya kutunza amana.

Mkono ndani ya lundo

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, kisha akatahadharisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Mafunzo ya kisa hiki kwa muuzaji tumeyasikia mara nyingi mimbarini. Yako pia mafunzo kwa mnunuzi. Juu ya lundo palikuwa pakavu. Kilichofichua aibu ni mkono ulioingia ndani. Meza ya michezo nayo juu yake daima ni kavu na inang'aa. Mnunuzi hana budi kuomba ifunguliwe, achutame, atazame chini na ndani. Muuzaji mwaminifu hufungua kwa furaha. Anayekataa kufungua, au anayedai kwamba ufunguo ameusahau nyumbani, amekwisha kukupa jibu.

Mbao

Anza na mbao, kwa sababu sisi watu wa pwani twaishi na unyevu na hewa ya chumvi. Meza nyingi huundwa kwa moja ya aina tatu. Ya kwanza ni chipubodi, yaani vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi. Ni rahisi kwa bei, lakini ikiingia maji huvimba na hairudi ilivyokuwa, na skurubu ikitolewa mara moja haishiki tena sawasawa. Ya pili ni ile iitwayo MDF, iliyoundwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa laini. Hupakwa rangi vizuri na ni nzito mkononi, lakini kingo zake zisipozibwa hunyonya maji kama sifongo. Ya tatu ni plaiwudi, yenye matabaka yaliyopishana. Hiyo hushika skurubu, hustahimili mtikisiko, na ikiwa gundi yake ni ile isiyoyeyuka kwa maji, ndiyo ifaayo zaidi Mombasa, Lamu na Malindi.

Utazijuaje, na nje pamefunikwa kwa rangi na picha? Tafuta mahali ambapo ubao umekatwa na haukufunikwa: kwenye tundu la waya nyuma, au ndani ya mlango. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Ukiona unga laini wa rangi moja, ni MDF. Ukiona chembechembe kubwa, ni chipubodi. Kisha pima unene. Ubao wa milimita 18 ni wa kutegemewa. Mwembamba wa milimita 12 au chini yake hupinda pale watoto wanapoegemea viwiko.

Tazama pembe. Fundi seremala mzuri huunganisha pembe kwa gundi na skurubu, na ndani akatia kipande cha mti cha kuimarisha. Misumari midogo pekee haitoshi. Shika meza kwa mikono miwili uitikise kwa upole ubavuni: ikiyumba leo ikiwa mpya, mwakani itakuwa imelegea kabisa. Miguu nayo iwe na vifundo vya kurekebisha kimo, kwani sakafu zetu si zote zilizonyooka. Na ubao wa chini uinuke kutoka sakafuni, maji ya kupigia deki yasiufikie. Bawaba na skurubu zikiwa na kutu dukani, jua zitakuwaje baada ya msimu mmoja wa kusi.

Kioo na skrini

Kioo cha juu ndipo watoto huegemea, na ndipo vikombe vya chai huwekwa hata mzazi akikataza. Kiwe ni kile kilichofanywa kigumu kwa moto, ambacho kikivunjika husambaa vipande vidogo butu. Kioo cha kawaida huvunjika vipande virefu vyenye makali ya kisu. Aghalabu kioo kigumu huwa na alama ndogo ya kiwanda iliyochapwa pembeni. Kisha kagua vibanio vinavyokishika: viwe vya chuma, vimekaza pande zote, na kingo za kioo ziwe zimesuguliwa.

Skrini ina mtihani wake ambao wengi huusahau. Katika meza hii wachezaji wawili hutazama kutoka pande mbili zinazoelekeana, wala hakuna anayetazama kutoka juu moja kwa moja. Skrini za bei ya chini hung'aa ukizitazama kwa mbele, lakini ukizitazama kutoka upande mmoja rangi hufifia au hugeuka. Basi keti upande wa kwanza utazame. Inuka, keti upande wa pili utazame tena. Ikiwa mmoja anaona vizuri na mwenzake anaona kivuli, hiyo si meza ya watu wawili. Papo hapo anzisha mchezo wa kupokezana, uhakikishe kwamba zamu ya mchezaji wa pili ikifika picha hugeuka kumwelekea yeye.

Meza kuukuu hutumia skrini za zamani zilizo nzito kama sanduku, zenye tumbo la kioo nyuma. Ndani yake hukaa umeme wa maelfu ya volti, na unaweza kubakia hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiingize mkono humo, wala usimruhusu kijana afungue kwa kubahatisha. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua.

Vijiti na vitufe

Kijiti cha kuongozea mchezo na vitufe vyake ndivyo vinavyopigwa zaidi ya vyote. Visukume kila upande. Kijiti kizuri hurudi katikati chenyewe kinapoachwa, na kila upande hutoa mlio mdogo wa swichi. Kikilegea au kikikwama, kikatae. Kisha tazama chini yake. Je, kimefungwa kwa boliti kwenye bamba la chuma, au kwa skurubu fupi kwenye ubao mtupu? Je, waya za vitufe zimechomekwa kwa vishikizo vinavyotoka na kurudi, au zimelehemiwa moja kwa moja? Vitufe huchakaa, haina shaka. Muhimu ni kwamba kimoja kikiharibika kibadilishwe bila kukata ubao wala kuyeyusha risasi.

Umeme

Hapa ndipo kosa moja linaweza kugharimu uhai. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Meza nyingine huingizwa kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni takriban volti 120. Soma kibandiko cha kifaa cha kugawa umeme kilicho ndani. Kikiwa kimeandikwa 100 hadi 240, hakuna tatizo. Kikiwa na swichi ndogo ya kuchagua, hakikisha imewekwa mahali pake kabla plagi haijaingia ukutani. Kikiwa cha 110 au 120 pekee, kitahitaji transfoma, na gharama yake iingie katika hesabu.

Plagi iwe na pini tatu, na ule waya wa ardhi, ambao kwa kawaida ni wa kijani na manjano, uonekane umefungwa kwenye bamba la chuma ndani ya meza. Vijiti vingi huwa na sehemu za chuma, na mikono ya watoto huwa na jasho. Waya huo ndio ngao yao. Kuwe na fyuzi. Nyaya ziwe zimefungwa pamoja kwa mpangilio, maungio yamefunikwa vizuri, wala zisipite juu ya ncha za skurubu.

Mwisho wa ukaguzi ni subira. Iache meza iwake saa nzima, si dakika tano, nawe ukiwa hapo. Gusa ubavu wake: ikiwa ya moto sana, au kuna harufu ya kuungua, au picha imeanza kuruka, iache. Meza nzuri ina matundu ya hewa, na mara nyingi feni ndogo.

Haki yako ya khiyari

Sheria yetu haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, wauzianao wana khiyari ya kuvunja mapatano maadamu hawajaachana kikaoni. Wanaweza pia kushurutishiana khiyari isiyozidi siku tatu, nami nawanasihi wanunuzi wa meza hizi waiombe, na iandikwe katika risiti. Ya tatu ni khiyari ya aibu: ikidhihiri kasoro iliyokuwapo kabla hujakabidhiwa, nayo inapunguza thamani au inazuia lengo la kununuliwa, una haki ya kukirudisha kitu.

Lakini haki hii ina sharti ambalo wengi hulipuuza. Mwenye kuigundua aibu airudishe upesi. Akiendelea kukitumia kitu baada ya kuijua, amekwisha kuridhika nacho. Kijana anayeona picha inaruka siku ya Jumatatu, akaendelea kuwatoza watoto hadi Ijumaa, asilalamike akikataliwa.

Na muuzaji anayesema, "Nimekuuzia kama ilivyo, usinirudie," asidhani amejivua kwa maneno hayo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti la kujivua na aibu humfaa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Meza si mnyama. Katiba yetu nayo, kifungu cha 46, imempa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa maelezo anayohitaji, na ya kufidiwa anapodhurika kwa kasoro ya bidhaa.

Na mchezo wenyewe?

Ubora wa mbao hauhalalishi kitu kilicho haramu. Meza ambayo mchezaji huweka fedha ili apate fedha zaidi au azikose ni kamari, hata ikiundwa kwa mvule. Meza inayolipiwa kwa muda wa kucheza tu ina hukumu nyingine. Masharti yake ni kwamba isipoteze swala, isiwaondoe watoto chuoni, wala isiwe na picha zisizostahiki. Mwenye kuiweka kibiashara aizime adhana inapoadhiniwa. Desturi hiyo itawafunza vijana zaidi ya mawaidha.

Liko pia suala la michezo iliyomo. Vibao vingi vya bei rahisi vimejazwa nakala bila idhini ya wenye kazi hizo. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za uvumbuzi na utunzi zinahifadhiwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Basi muulize muuzaji kama michezo hiyo ina leseni, na upende michache iliyo halali kuliko mamia yenye shaka.

Mnunuzi aende basi na tochi, fundi wa umeme na seremala anayemwamini. Ujira wao kwa saa moja ni mdogo kuliko hasara ya meza mbovu. Na ukiipata iliyo nzuri, mlipe muuzaji haki yake bila kumzungusha, kwani uaminifu haudaiwi upande mmoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali, na awahifadhi watoto wetu katika michezo yao na katika ibada zao. Wabillahi tawfiq.