Altrasaundi ya moyo: kwa nini mtoto anapimwa kilo kwanza?



Mtoto akipewa rufaa kwenda kupigwa altrasaundi ya moyo, maneno huwa mengi kwenye foleni ya maji. Eti mashine inanyonya damu, eti inaunguza. Wengine wanaacha safari, na mtoto anabaki na ugonjwa usiojulikana. Basi mwezi huu tuongee juu ya kipimo hiki.

Altrasaundi ni sauti tu, ila sikio la mtu haliisikii. Mpimaji anapaka jeli kifuani, anapitisha kifaa kidogo. Sauti inaingia mwilini, inagonga moyo na mishipa ya damu, inarudi kama mwangwi, na mashine inaonyesha picha. Hakuna damu inayotolewa, wala hakuna mionzi kama ya eksirei. Kwenye picha hiyo wanapima upana wa mishipa.

Hapo hesabu inaanza. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni, yaani aota, kwa mtoto mchanga una upana wa kama sentimita 1. Kwa mtu mzima ni kama 3. Mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe, kwa mtoto wa mwaka mmoja ni kama milimita 2. Ikifika milimita 4, kwa mtu mzima ni kawaida, kumbe kwa huyo mtoto imetanuka. Ugonjwa wa Kawasaki, ambao daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani aliuandika mwaka 1967, unaweza kuitanua hivyo, hasa kwa watoto chini ya miaka 5.

Ndiyo maana mtoto anapimwa kilo na urefu kwanza. Mshipa wake unalinganishwa na wa watoto wenye afya na mwili kama wake. Jibu linakuja kwa alama: sifuri ni katikati, na kuanzia -2 mpaka +2 ni kawaida. Akina mama wa kliniki ya lishe, ni hesabu ile ile inayolinganisha uzito wa mtoto na urefu wake.

Kwa hiyo siku ya rufaa:
- Beba kadi ya kliniki.
- Kilo zisikisiwe, mtoto apimwe siku hiyo hiyo.
- Uliza kama anaruhusiwa kunyonya kabla. Mtoto akilia na kurukaruka, picha haitoki vizuri.
- Mwisho muulize daktari: "Mishipa yake ni ya kawaida kwa mwili wake?" Una haki ya kujibiwa.

Wazazi, uvumi usimnyime mtoto matibabu. Tuonane mwezi ujao.