Mtoto wa Limuru

Wajukuu zangu wa Sagalla, nyinyi ambao asubuhi nyingine hamtoki kwenda shule mpaka ndovu waondoke njiani, leo nawasimulia kitabu cha mtoto aliyekulia mbali na mlima wetu. Ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025. Habari za utoto wake aliziandika uzeeni, katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, Dreams in a Time of War.

Baba yake alikuwa na wake wanne. Jioni watoto wote walijazana kwa Wangarĩ, mke mkubwa, wakaota moto na kusikiliza hadithi. Kukicha, hadithi nazo zimekwenda zake. Ngũgĩ alipojua kusoma akalipata Agano la Kale, na tangu hapo hakungoja tena usiku: hadithi alikuwa nazo hata jua la utosini. Mimi niliyezeeka nikisimulia naupenda sana ukurasa huo.

Shule yenyewe aliipata kwa mama yake, Wanjikũ, mama asiyejua kusoma. Mwaka 1947 alimwuliza mwanawe kama angependa kusoma, kisha akampa sharti: asije akaacha shule kwa sababu ya njaa wala taabu nyingine yoyote. Mama alijua kabisa kwamba njaa ipo, na hakumficha mtoto.

Sasa njooni mahali ninapotaka msome polepole. Baba alimpiga mama mpaka mama akakimbilia kwa wazazi wake. Siku moja Ngũgĩ na mdogo wake wanacheza na ndugu zao uani, baba akawaita, akawaambia waondoke wamfuate mama yao. Waliondoka. Ua ule wenye ndugu tele na hadithi za jioni haukuwa kwao tena.

Msomaji mchanga akifika hapo humchukia baba huyo, nami simlaumu. Lakini mwandishi amekwisha kutuonyesha mengine: baba huyu alinunua ardhi, akanyang'anywa mahakamani kwa sababu mtu mwingine aliyeidai ardhi hiyo alikuwa na hati iliyoandikwa na yeye hana. Mifugo yake nayo ikafa kwa ugonjwa. Akaanza ulevi. Ngũgĩ hasemi kipigo kilikuwa halali. Kosa analiacha mikononi mwa aliyelitenda. Ila anafuata taabu ya nyumbani kwao mpaka anafika kwenye ardhi, mahakama na serikali ya kikoloni. Hilo ndilo natamani mlichukue: kuuliza taabu ilianzia wapi.

Ulizeni na hapa kwetu. Ndovu wakimaliza mahindi usiku mmoja, baba akawa mkali msimu mzima na karo ikakosekana, mtoto anaweza kudhani nyumba yao ina laana, au kwamba yeye ni mzigo. Hapana. Tunakaa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, na wanyama wanavuka mashambani mwetu. Wanaojua chanzo hicho ndio waliotundika mizinga ya nyuki kwa waya kuzunguka mashamba ya Sagalla, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Mtoto akijua hivyo, hajichukii.

Ngũgĩ alifaulu kuingia shule ya upili ya Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, kaka yake akiwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Stesheni ya Limuru walimkataza kupanda gari moshi la abiria kwa kuwa hakuwa na kibali cha kusafiri. Alilia. Mwishowe akapakiwa kwenye gari la mizigo, akafika shule.

Kitabu kinaishia hapo, lakini msikirudishe maktabani bila kuulizia cha pili, In the House of the Interpreter. Kinaanza muhula wa kwanza umekwisha, kijana anarudi nyumbani kwa furaha, na kijiji kizima kimebomolewa.