Stars ilitolewa, wao wakapanda basi Mpanda hadi Kasarani

USIKU wa Agosti 22, 2025, vibanda umiza vya Mpanda vilikuwa kama msibani. Taifa Stars imelala 1-0 mbele ya Morocco pale Benjamin Mkapa, robo fainali ya CHAN imeishia hapo. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja, bodaboda zikawashwa, kila mtu akaenda kwake kimya kimya.

Kwa wengi mashindano yaliisha usiku ule. Kwa vijana kadhaa wa hapa mjini ndiyo kwanza yakaanza. Jumapili yake, wakiwa kijiweni wanaendelea kumlaumu kila mtu, mmoja akatoa wazo ambalo wenzake walidhani ni utani: fainali inapigwa Nairobi Jumamosi ijayo, twendeni.

Walioapa kwamba watakwenda walikuwa watano. Jumatano alfajiri, waliopanda basi walikuwa watatu: dereva bodaboda, fundi simu na mkulima wa mpunga. Mwandishi wa makala haya akaungana nao.

MBALI NI WAPI?

Mtu wa Dar es Salaam akisikia Mpanda hadi Nairobi kwa basi, anashika kichwa. Mtu wa Mpanda anauliza basi linaondoka saa ngapi.

CHAN ilichezwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala. Ukiwa Katavi, hakuna hata sehemu moja ya jirani hapo. Kwenda kwa Mkapa, kupitia Tabora na Dodoma, ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwenda Kasarani nako ni zaidi ya kilometa 1,000. Njia ni ile ile hadi Tabora, kupitia Inyonga na Sikonge. Ukifika pale, badala ya kunyoosha kwenda Dodoma, unakamata Nzega, Singida, Babati, Arusha, kisha Namanga.

"Sisi kila kitu kiko mbali, kaka," alisema yule wa bodaboda tukiwa tunaivuka Koga. "Kwa hiyo cha nje na cha ndani kwetu ni bei moja tu."

Hapo ndipo safari ile ilipoacha kuonekana wazimu. Anayelala njiani ili aione Stars Dar, anaweza kulala njiani na kuona mashindano ya kimataifa nchi ya jirani. Tulilala Tabora siku ya kwanza, Arusha siku ya pili, na Ijumaa mchana tukawa Nairobi.

PESA NA KARATASI

Isieleweke kwamba ilikuwa rahisi. Kila mmoja alikuwa na laki nne na kitu, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa humo humo. Tulilala gesti za bei ya chini na kula kwa mama lishe wa stendi.

Mkulima ndiye aliyekuwa na kesi nzito. Pesa yake ilitoka kwenye magunia ya mpunga, na mkewe alimuuliza swali moja: "Stars wanacheza?" Akajibu hapana. "Sasa unamfuata nani huko?" Alisema hakuwa na jibu, aliaga tu na kuondoka.

Kati ya wawili waliobaki, mmoja alikwama kwa pesa. Mwingine pesa alikuwa nayo, karatasi hakuwa nayo. Alijua kwa kuwa Kenya ni Afrika Mashariki, kitambulisho cha NIDA kinatosha. Mtanzania haombi viza kwenda Kenya, lakini anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Hicho si kitu cha kuanza kukitafuta usiku wa kuamkia safari.

Tiketi ya uwanjani nayo ilikuwa ya mtandaoni. Jamaa mmoja wa Mpanda anayefanya biashara Nairobi ndiye aliyetukatia mapema. Anayekwenda kwa kujilipua aanzie hapo: tiketi kwanza, basi baadaye.

UTANI WA MAJIRANI

Nairobi ya Agosti ina baridi ambayo mtu wa Mpanda haijui. Fundi simu alinunua jaketi la mtumba kabla hata ya kula. Jumamosi tukapanda matatu, Thika Road hadi Kasarani, uwanja uliofunguliwa 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika.

Jezi zetu za Stars zilituponza mapema. "Wabongo, mmefuata nini na mlishatolewa?" Na nyinyi je? Wenyeji nao walishatolewa, siku ile ile moja na sisi, tena hapo hapo kwao.

Hapo ndipo utani ulipokolea, kwa sababu fainali yenyewe ilikuwa kama imepangwa na mtani. Morocco dhidi ya Madagascar. Sisi tuliifunga Madagascar 2-1 kwenye makundi, mabao yote ya Clement Mzize, kisha Morocco wakatutoa. Kenya waliifunga Morocco 1-0 kwenye makundi, kisha Madagascar wakawatoa kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Yaani kila mmoja alimfunga mmoja wa wana fainali, na kila mmoja alitolewa na yule ambaye jirani yake alimfunga.

"Mngetuachia Morocco, sisi tulishawaweza," alisema Mkenya mmoja aliyekaa mbele yetu. "Na nyinyi mngetuachia Madagascar," fundi akamjibu. Kabla timu hazijaingia, tayari tulikuwa tunagawana karanga.

Wakatuuliza Mpanda iko wapi. Yule wa bodaboda akaeleza: fika Arusha, endelea hadi Tabora, lala, amka, panda basi tena, ukikaribia viboko wa Hifadhi ya Katavi umeshafika. Wakacheka, ila kuanzia hapo tukaitwa wageni wa heshima.

Mpira nao haukutuangusha. Madagascar walitangulia dakika ya tisa kupitia Felicité Manohantsoa. Youssef Mehri akasawazisha, na kabla ya mapumziko Oussama Lamlioui, yule yule aliyetutoa sisi, akaipa Morocco uongozi. Toky Rakotondraibe akarudisha, 2-2, na upande wetu wote ukalipuka kama Stars wamefunga. Dakika ya 80 Lamlioui akapiga shuti la mbali lililompita kipa juu. 3-2. Morocco wakabeba CHAN ya tatu, baada ya zile za 2018 na 2020.

"Huyu mtu ana kesi na sisi," alisema mkulima, lakini alikuwa anapiga makofi.

Ukiwa kibanda umiza unaona bao. Uwanjani unaona na wengine: mama aliyembeba mtoto mgongoni anapuliza vuvuzela, mzee anayeomba asimuliwe nani kapiga, Mmalagasi anayelia huku Wakenya wanne wasiomjua wamemshika bega. Timu yako ikiwa haichezi, unapata nafasi ya kuyaona haya.

ZAMU YA 2027

Septemba 2023, CAF iliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa AFCON 2027. Safari hii ni Afrika nzima, na nyota wanaocheza Ulaya wanakuja. Uwanja mpya wa watazamaji 30,000 unajengwa Olmoti, Arusha, na kwa mtu wa Mpanda, Arusha iko njiani kwenda Nairobi. Ukijipanga vizuri, safari moja inaweza kukupa mechi za nchi mbili.

Aliyekwama kwa karatasi ameshaanza kufuatilia pasipoti. Yule wa bodaboda anaweka buku mbili kila siku kwenye kibubu.

Mkulima yeye alipata jibu tukiwa Singida, tunarudi. Alikuwa kimya tangu Namanga. Akasema atauza mpunga wa mwakani mapema na kuweka pesa ya nauli mbili, kwa sababu lile swali la mkewe haliwezi kujibiwa kwa maneno. "Lazima naye akae pale," alisema.