Siku za Kuloweka: Vihatarishi Visivyoonekana katika Ugonjwa wa Konzo

Katika tafiti za afya ya jamii, kihatarishi huchukuliwa kuwa ni kitu ambacho mgonjwa anacho na mtu mzima wa afya hana. Dhana hiyo inafaa kwa maradhi mengi, lakini inakwama mbele ya konzo, ugonjwa adimu unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu. Katika vijiji vinavyokumbwa na konzo, karibu kila mtu hula muhogo. Kwa hiyo mtafiti anayeuliza kama mgonjwa alikula muhogo hupata jibu lilelile kwa mgonjwa na kwa jirani yake aliye mzima. Makala haya yanafafanua kwamba kihatarishi cha konzo hakimo katika muhogo peke yake, bali katika muda: siku ambazo muhogo mchungu ulilowekwa au kuanikwa kabla ya kusagwa, na majuma ambayo kaya ilikula unga huo bila kitoweo.

Konzo ilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu na daktari Trolli mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiyaka na maana yake ni miguu iliyofungwa. Wenyeji waliona ulivyo mwendo wa mgonjwa na wakaupa jina kabla ya daktari yeyote kufika. Mtu hulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, au hukakamaa akiwa njiani baada ya mwendo mrefu. Hali haizidi kuwa mbaya siku baada ya siku kama yalivyo maradhi mengine ya neva, ila inaweza kumrudia mtu kwa pigo la pili la ghafla. Haiponi. Wanaoathirika zaidi ni watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani mtoto anayetegemea sufuria ya nyumbani na mama anayeipika.

Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo mzizi unapopondwa au kulowekwa huvunjwa na kimeng'enya cha muhogo wenyewe, na hatimaye sianidi hutoka kama gesi na kupotea hewani. Kuloweka na kuvundika kwa siku kadhaa ndiko kunakokamilisha kazi hiyo. Mabaki yanayoingia mwilini huondolewa kwa kugeuzwa kuwa tayosianati, kisha kutolewa kwa mkojo. Ugeuzaji huo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino za protini: samaki, nyama, mayai. Mtu anayekula ugali wa muhogo uliotayarishwa haraka pamoja na samaki ana njia ya kujikinga. Anayeula na mboga za majani pekee kwa majuma mfululizo hana. Namna hasa sumu inavyodhuru seli neva zinazoongoza misuli bado ni mada ya mjadala miongoni mwa wataalamu, lakini mkutano wa mambo mawili, sianidi nyingi na salfa haba, umejitokeza katika milipuko mbalimbali.

Swali lenye uzito ni kwa nini siku za kuloweka hupungua. Jibu la haraka ni ujinga, na mwandishi wa makala haya analikataa. Wanawake wanaotayarisha muhogo mchungu wanaijua sumu yake vizuri kuliko wahoji wao. Ndiyo sababu desturi ya kuloweka ipo. Hata kuupanda ni uamuzi wenye hoja, kwa kuwa hustahimili udongo hafifu na ukame, na uchungu wake huupunguzia wezi na wanyama waharibifu. Katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ukame uliacha muhogo mchungu kuwa takriban chakula pekee, na watu zaidi ya 1,000 walipooza. Ukame huongeza pia kiwango cha sumu katika mzizi wenyewe. Huko Tarime, kaskazini mwa Tanzania, mlipuko wa mwaka 1985 ulioelezwa na Howlett na wenzake (1990) ulitokea vilevile wakati wa ukame. Kaya isiyo na akiba haiwezi kusubiri siku tatu wakati watoto wana njaa leo.

Mfano wa Bandundu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, unatatiza maelezo ya ukame. Tylleskär na wenzake (1991) walionyesha kwamba barabara mpya ya lami kuelekea Kinshasa ilifanya muhogo kuwa zao la biashara. Ili kuwahi soko, familia zilifupisha muda wa kuloweka kutoka siku tatu hadi siku moja. Barabara, ambayo ripoti yoyote ya maendeleo ingeihesabu kuwa mafanikio, iliingia katika mnyororo wa visababishi vya ulemavu. Hakuna hojaji ya hospitali yenye kipengele cha barabara.

Athari ya jambo hili kwa mbinu za utafiti ni kubwa. Kipimo cha tayosianati katika mkojo huakisi ulaji wa siku za karibuni tu, na mgonjwa mara nyingi hufikishwa kliniki baada ya majuma au miezi, mavuno mapya yakiwa yamekwisha kuingia na unga wa hatari umekwisha kuliwa. Kipimo kikiwa cha kawaida, konzo huondolewa kimakosa katika orodha. Historia ya mgonjwa inapaswa kuulizwa kwa tarehe za jikoni: muhogo uling'olewa lini, ulikaa majini siku ngapi, kitoweo kiliisha lini, nani mwingine alikula sufuria ileile. Aulizwe mpishi, hata kama mgonjwa ni mtoto wake.

Mtazamo wa muda ndio pia uliozaa kinga iliyo rahisi. Howard Bradbury wa Australia alipendekeza unga uloweshwe maji, utandazwe kwa tabaka jembamba na kuachwa kivulini kwa takriban saa tano, au juani kwa saa mbili, ili gesi itoke kabla ya ugali kupikwa. Njia hii ilijaribiwa katika kijiji kimoja cha Popokabaka, Bandundu, na katika kipindi cha ufuatiliaji hakukupatikana mgonjwa mpya. Haimtaki mwanamke arudishe siku mbili alizonyang'anywa na soko au njaa. Inamwomba saa chache za mchana, na unga uliolowa upikwe siku hiyohiyo, kwani haufai kuwekwa akiba.